Atichoki ikigoma kuiva
Dada pole, umesema umechemsha atichoki nusu saa bado ngumu na majani yamekushinda kutafuna. Hiyo atichoki ni tumba la ua, halijachanua. Kata ncha zenye miba, paka limao pale ulipokata maana panageuka peusi fasta, af chemsha kwenye maji ya chumvi ukiwa umefunika hata saa zima, hapa Mbeya tuko juu kama mita 1,700 maji yanachemka kabla ya nyuzi 100 ndo maana vitu vinachelewa, we vuta jani la katikati, likichomoka bila kung'ang'ania limeiva. Majani hayaliwi yote, chovya kwenye siagi ukwangue kwa meno ile nyama ya chini tu. Katikati kuna manyoya kama ya mbigili, yatoe yote kwa kijiko yanakaba koo, chini yake ndo utamu wenyewe, laini kama kiazi!