Diski nne za bechi moja kwenye RAID 5

Ndugu, umeuliza kama diski zako nne za TB 8, zenye namba za kiwandani zinazofuatana (yaani za bechi moja, zilizotengenezwa pamoja), zinafaa RAID 5, mpango wa kuunganisha diski ambapo moja ikifa data hubaki. Mimi nisingeziweka hivyo. Kasoro ya kiwandani ikiwapo, huenda ni ya zote. Tena ya kwanza ikifa, kujenga upya data yake kwenye diski mpya kunasoma tatu zilizobaki mwanzo hadi mwisho, saa nyingi mfululizo. Hapo ndipo ya pili huanguka.

Badilisha mbili dukani, chukua za kampuni nyingine. Tumia RAID 6: utabaki na TB 16 badala ya 24, ila inahimili vifo viwili. Kila mwezi tazama SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujitolea yenyewe: namba 5 (sehemu mbovu zilizokwisha badilishwa), 197 (sehemu zinazoshukiwa) na 198 (zilizoshindikana kusomeka). 197 ikianza kupanda, agiza diski mpya. Bakapu iwe nje ya nyumba, RAID siyo bakapu. Zikifa mbili kwenye RAID 5, zima mashine, mwite fundi wa kurejesha data.