Usizifute hizo komenti za printk
Yakhe, umeuliza kwa nini komenti za bafa ya logi ya Linux, yaani pale kwenye memori inapowekwa ujumbe wa mfumo, ni ndefu kuliko kodi yenyewe na kama unaweza kuzipunguza, mie nakwambia ziache. Bafa ile imeingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 5.10 mwaka 2020 na haina loki (kufuli la kuwapanga wanaoitumia mmoja mmoja) kwa makusudi, maana printk, funksheni ya kuandika logi, inaitwa popote, hata ndani ya NMI, ukatizaji ambao CPU haiwezi kuuzuia, na ukisubiri loki ambayo CPU hiyo hiyo ndo imeishika basi mashine inaganda. Sasa bila loki kinacholinda ni mpangilio wa hatua tu, mwandishi, yaani kodi inayoandika logi, anashika nafasi, anajaza maneno, halafu ndo anathibitisha. Kama kuweka mkoba kwenye siti ya daladala ya Bububu, siti ishashikwa lakini abiria bado hajakaa, msomaji, yaani kodi inayosoma logi, akiona mkoba asihesabu mtu. Komenti ya maana haisemi "hapa pana kizuizi cha memori" (amri ya kuizuia CPU isibadilishe mpangilio wa kusoma na kuandika memori), hilo nshaliona kwenye kodi, inasema kizuizi hiki kinakwenda na kipi upande wa msomaji na kikikosekana ataona nini, mfano rekodi ishathibitishwa na maneno bado ya zamani. Hapo andika hata mistari 10, wallahi.