Maswali na Majibu: Miruko Mizito na Usanii Juu ya Barafu

Inakuwaje mtelezaji aanguke mara mbili, kisha amshinde aliyemaliza programu yake bila kosa?

Swali hili hufika kila msimu, na kila msimu huulizwa na mtu ambaye hakujipa taabu ya kuisoma karatasi ya alama. Mruko wa Lutz (unaorukwa kinyumenyume kwa kuchoma barafu na ncha ya kiatu) wa mizunguko minne una thamani ya alama 11.5, anayeikamilisha mizunguko hewani kisha akaanguka hukatwa nusu ya thamani hiyo na kutozwa alama 1 ya anguko, akabakiwa na 4.75. Lutz wa mizunguko mitatu, ukirukwa salama bila mbwembwe, una 5.9. Anguko basi halimlipi mtu. Kilichomlipa ni miruko mingine aliyoitua, ambayo mwenzake asiyeanguka hakuthubutu hata kuijaribu.

Je, bado mtu anaweza kuwa bingwa bila mizunguko minne?

Kwa wanawake, ndiyo: Kaori Sakamoto wa Japani alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022 hadi 2024, bila mruko wa aina hiyo. Kwa wanaume, wa mwisho kufanya hivyo kwenye Olimpiki ni Mmarekani Evan Lysacek, aliyempita Mrusi Evgeni Plushenko kwa alama 1.31 huko Vancouver mwaka 2010. Msimngoje mwingine.

Na alama za usanii, zinazojumlishwa na zile za miruko, si ladha ya jaji tu?

Zina vigezo vyake. Tangu 2022 ni vitatu, yaani utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, kila kimoja kikitolewa alama hadi 10. Katika programu ndefu ya wanaume, iliyo ndefu kati ya maonyesho mawili ya shindano, jumla yake huzidishwa kwa 3.33, hivyo haiwezi kuvuka 100, ilhali upande wa miruko hauna kikomo cha namna hiyo. Ninacholalamikia, na nitaendelea kukilalamikia, ni majaji kupandisha alama za usanii kwa kufuata miruko: kijana akitua mizito mitatu, ghafla anaonekana amejifunza pia kusikiliza muziki.

Tazameni miguu, si uso. Sakamoto anapouendea mruko wa Axel (ule unaorukwa ukitazama mbele) wa mizunguko miwili na nusu huja kwa kasi ileile, hapunguzi mwendo ili ajipange, na akitua goti hukunjika huku kisu cha kiatu kikichora mkunjo mrefu kuelekea ukingo wa uwanja. Usanii ndio huo. Anayeteleza nusu uwanja kwa mstari mnyoofu, mabega yamekakamaa, akivizia wakati wa kuruka huku muziki ukijiendea zake, haokolewi na mikono ya kupepea wala sura ya huzuni aliyoivaa mwishoni.

Kanuni nazo zimechangia kuupa mruko uzito kuliko usanii. Mwaka 2018 kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Mrusi Alina Zagitova aliirundika miruko yote ya programu ndefu katika nusu ya pili, kwa kuwa huko kila mmoja uliongezewa asilimia 10, akaondoka na dhahabu. Hakuvunja sheria, alipiga hesabu vizuri kuliko walioitunga. Baadaye nyongeza hiyo ikabakizwa kwa miruko mitatu ya mwisho tu.

Samasoti ya kinyumenyume ni usanii au sarakasi?

Ni sarakasi, na imeruhusiwa tena tangu 2024. Mfaransa Surya Bonaly, aliyeipiga kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, ilipokuwa marufuku, na kutua kwa mguu mmoja, aliambulia kukatwa alama.

Binti yangu ana miaka 11, tunaishi Toronto. Kocha anataka aanze mizunguko minne sasa, kabla mwili haujabadilika.

Mzazi mwenzangu, kocha huyo amekwisha kukuambia kwamba mpango wake hauna nafasi ya mwili wa mtu mzima. Mwaka 2022 umri wa chini wa mashindano ya wakubwa uliamuliwa upandishwe kutoka 15 hadi 17, kwa hiyo haraka hiyo haimfikishi mtoto popote, ila inamuumiza nyonga na mgongo. Mwambie amfundishe kwanza kutumia kingo zote mbili za kisu. Kisha muulize ni wangapi kati ya wanafunzi wake wa zamani ambao bado wanateleza wakiwa na miaka 20.