Kabla mtoto hajavaa ile jezi, omba barua

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma ukurasa huu aliniandikia saa sita usiku. Kijana wake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anacheza futiboli ya Kimarekani, na kocha wa chuo kikubwa amemwambia ajiunge na timu bila skolashipu, "nafasi itapatikana." Akaniuliza: "Kaka, nimwachie? Chuo chenyewe kinatajwa kila msimu kwenye mtoano, na wanasema siku hizi kuna hela nyingi."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maneno hayohayo niliyasikia jikoni kwangu, hapa Boise, jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 2021.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie. Tarehe 1 Januari 2007 ndiyo kwanza nilikuwa na mwaka wa pili Idaho, sielewi hata kwa nini mpira wa kushika kwa mikono unaitwa futiboli. Jirani akatuita tuangalie Fiesta Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya kufunga msimu, Boise State, chuo cha hapa mjini, na chuo cha Oklahoma. Muda wa nyongeza, Boise wamebakiwa na mchezo mmoja wa kutafuta pointi mbili. Jared Zabransky anajifanya anarusha kwa mkono wa kulia, kumbe mpira uko mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo. Ian Johnson anapita, anauchukua, anaingia nao. 43-42. Dakika chache baadaye Johnson huyohuyo anapiga goti mbele ya kamera na kumchumbia mpenzi wake. Mwanangu wa miaka minne alikuwa mabegani mwangu akishangilia asichokielewa. Na mimi vilevile.

Msimu ule Boise State walicheza mechi 13 bila kupoteza hata moja, timu pekee ya daraja la juu iliyofanya hivyo. Florida, waliokuwa wamepoteza moja, ndio wakawa mabingwa. Enzi hizo ubingwa uliamuliwa na mechi moja ya timu mbili zilizochaguliwa kwa kura na kompyuta. Nilikasirika kama mzaliwa wa hapa. Kwa miaka mingi kila Mmarekani niliyekutana naye kazini nilimhubiria: wekeni mtoano, mtu ashindie uwanjani.

Mtoano ukaja, timu 4 kuanzia msimu wa 2014, kisha 12 kuanzia 2024. Msimu huohuo wa kwanza wa timu 12 Boise State wakaingia, wakafungwa na Penn State 31-14 mkesha wa mwaka mpya. Kwa haki ya uwanjani sina neno, nilichokiomba nilikipata. Kwenye hesabu ya pesa ndiko nilikolala.

Na sikuwa na sababu ya kulala. Jumamosi za msimu kwaya yetu ilikuwa ikifanya kazi kwenye kibanda cha vyakula uwanjani. Viwanja vingi huku huenda hivyo, vikundi vya kujitolea vinauza na kikundi kinapata sehemu ndogo ya mauzo. Sisi tulikuwa tunatafuta kinanda. Kazi yangu ilikuwa kumwaga jibini la moto juu ya chipsi za mahindi. Mikono ilinuka jibini mpaka Jumatatu, na zile nyasi za bluu za uwanja wa Boise State niliziona kwa upenyo wa mlango tu, tena kwa kujinyoosha shingo. Pesa zilipita mbele yangu siku nzima, na sikujiuliza hata mara moja zinakwenda wapi. Nilikuwa nikimuwaza mwanangu, siku atakapokuwa upande wa pili wa ule upenyo.

Sasa najua zinakokwenda. Mwaka 2024 ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, walikubali kulipa dola bilioni 7.8 kwa miaka 6 ya mtoano. Hela hiyo inaingia kwenye konferensi, yaani ule umoja wa vyuo vinavyocheza pamoja. Msimu wa 2024 kila timu iliyoingia iliiletea konferensi yake milioni 4, na ikifika robo fainali milioni 4 nyingine. Notre Dame, ambao kwenye futiboli hawana konferensi, walifika fainali wakabeba milioni 20 peke yao. Kuanzia 2026 Big Ten na SEC, konferensi mbili tu, zinachukua zaidi ya nusu ya mfuko wote. Wadogo wamefunguliwa mlango, lakini wakifika sufuriani wanakuta ukoko. (Mimi ukoko naupenda, ila si huu.)

Turudi jikoni. Mwaka 2021 mwanangu alikuwa na barua ya chuo kidogo: nusu ya ada, imeandikwa, ina sahihi. Na alikuwa na simu ya kocha wa chuo kikubwa cha jimbo jingine: jilipie mwaka wa kwanza, wa pili tutakuangalia. Mtoto alitaka barua. Aliyetaka simu ni mimi. Nilikuwa nimeshawatangazia watu kanisani.

Majira ya kuchipua ya 2022, mazoezini, goti likaenda. Bima ya familia ndiyo iliyotangulia kulipa, ya chuo ikafuata, na bado deni likabaki. Kocha wa ile simu alikuwa ameshahamia kwenye mshahara mnono zaidi. Aliyempokea hakuwa na habari nasi, na skolashipu akapewa kijana aliyehamia kutoka chuo kingine. Nilipekua barua pepe zangu zote nisipate sentensi moja ya kumwonyesha. Mwanangu alimaliza shahada, namshukuru Mungu, na kila mwezi tunagawana rejesho la mkopo. Hajawahi kunilaumu.

Kwa hiyo dada yangu, na nyote mnaotamani kumwona mtoto ndani ya ile jezi (sote tunatamani, tusidanganyane): ombeni barua. Najua mtasema mambo yamebadilika. Kweli, tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, na tangu Julai 2025, kwa maridhiano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo wa vyuo walidai malipo, chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake pesa moja kwa moja, mwaka wa kwanza hadi dola milioni 20.5. Lakini maridhiano hayohayo yaliweka kikomo cha wachezaji 105 kwa timu ya futiboli, na wengi waliopunguzwa ni wale wa kujilipia. Ndiyo nafasi anayopewa mwanao.

Uliza skolashipu inaanza lini. Uliza akiumia nani analipa. Uliza kocha akihama ahadi inabaki na nani. Majibu yote yaandikwe. Sisi wageni tunaona haya kumdai mtu karatasi. Kiwanja cha Kigamboni unataka hati, mashahidi na mjumbe, halafu goti la mtoto unalitoa kwa simu! Barua, jamani. Barua.

Dada aliyatuma maswali hayo kwa kocha Jumanne. Jana ameniambia kocha alipiga simu jioni, wakaongea dakika ishirini, mcheshi kweli, akauliza mpaka chakula cha kwao. Barua pepe bado haijajibiwa. Dada anaona dalili ni njema.