Niliambiwa kufutwa kazi ni "baraka iliyojificha"

Dada, umeuliza kama ni dhambi kumkasirikia mchungaji aliyekwambia kwamba kufutwa kwako kazi ni baraka iliyojificha. Sioni dhambi hapo. Mimi niliambiwa hayohayo siku ya tatu, kodi ya nyumba sijui itatoka wapi, na nilitamani kumfungia mtu mlango.

Nilikuwa karani kwenye yadi ya makontena hapa Mombasa. Mwaka 2019 mizigo ya Nairobi ikaamriwa ipande reli mpya, malori yakapungua getini, na Ijumaa moja tukaitwa mmojammoja. Miaka 11 ikaishia kwenye bahasha. Wenzangu waliandamana mjini. Mimi niliona haya hata kutoka nje.

Mke wangu ndiye aliyetoa karai. Tukaanza kuuza viazi karai barazani, Mikindani. Wiki ya kwanza unga wangu ulikuwa mwepesi, ukachuruzika wote mafutani, viazi vikabaki uchi. Jirani yetu, mama wa Kiislamu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavuta kigoda: viazi vikauke kwanza, unga uwe mzito wa kuganda kijikoni, manjano kidogo tu. Na ukwaju wa kuchovea akanifundisha yeye.

Tulipoanza kusimama, Machi 2020 ikaja kafyu. Saa moja jioni kila mtu ndani, na viazi karai ni biashara ya jioni! Tukala mtaji. Ramadhani ile yule mama alituletea bakuli la futari kila magharibi, mihogo ya nazi, siku nyingine tambi. Mimi ni shemasi, nimezoea kugawa unga wa wajane. Kulipokea lile bakuli kuliniuma kuliko bahasha ya yadi. Nikakumbuka nilivyokuwa nikiwahoji wale akina mama kabla ya kuwapa kilo mbili: mwanao mkubwa je, hana kazi? Yule jirani hakuwahi kuniuliza lolote. Nililia jikoni, na kama kuna mahali Mungu alinishika katika habari hii yote, ni pale.

Lakini ningeambiwa hivyo siku ya tatu, lisingeniingia. Marafiki wa Ayubu tunawalaumu bure kwa jambo moja: walianza vizuri. Siku saba, mchana na usiku, waliketi naye chini kimya. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Yusufu naye alisema Mungu alikusudia mema, ila aliyasema Misri, baba yao ameshazikwa. Kule shimoni alikuwa akiwasihi ndugu zake, na wao wenyewe ndio waliokumbuka kilio hicho baadaye.

Ukifika Nyali kuna kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo alifariki baada ya kujifungua. Mtoto akamfuata baada ya siku chache, na Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Wahubiri wakisimulia hukimbilia Rabai, kituo cha misheni alichoanzisha Krapf baadaye, na kazi iliyoota pale. Rosine hakuona hata moja ya hayo. Naamini Mungu hakuutupa msiba ule. Zaidi ya hapo nanyamaza.

Kwa hiyo hasira yako mpelekee Bwana kama ilivyo. Soma Zaburi ya 88, inaishia gizani na imo kwenye Biblia yetu. Na mtu akikuletea bakuli, pokea.

Ofisini sijarudi, na karo bado tunalipa kwa vipande. Siku hizi kuna kijana aliyeachishwa kazi, huja Alhamisi akakaa kwenye benchi langu. Namwekea viazi viwili na ukwaju, simwambii kitu. Wiki iliyopita aliniuliza kama kuna kisu cha pili, amenye na yeye.