Wanataka nimsome Bibi ambaye sio Bibi yangu

Barua ya wiki hii imenikalisha chini. Imetoka kwa binti wa Magomeni, miaka 26, kaandika hivi (nimeifupisha):

"Shikamoo Anti. Bibi yangu mzaa mama amefariki akiwa na miaka 81, ndo aliyenilea tangu nina miaka minne. Jumamosi ijayo ni arobaini yake na wamenipa mimi niandike maneno machache ya kumkumbuka. Nimeandika alivyokuwa, muuza mihogo pale kibarazani, Yanga damu, mcheza ngoma, mdomo haulali. Mjomba mkubwa kasoma akachana, anasema niandike alikuwa mpole, mtulivu, mcha Mungu basi, hayo ya ngoma na mpira sio sifa za mama wa heshima. Halafu Anti juzi nilimkumbuka nikacheka peke yangu jikoni, nikajisikia vibaya sana. Na kuna kingine, kanga aliyokuwa nayo hospitali ninayo mimi, nimeificha, mama mdogo anaitafuta nyumba nzima. Pindoni kuna fundo, nilipolifungua nikakuta noti ya elfu mbili imekunjwa mpaka imekuwa kama karanga na punje tatu za karafuu, alikuwa anasumbuliwa na jino. Nimelifunga tena. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana, Mungu ampe kauli thabiti bibi yako.

Mi nianze na kicheko manake naona ndo kinakula moyo wako. Kwenye ile barua yako ndefu umenisimulia watani wake wa Simba, kwamba siku Simba ikifungwa walikuwa wanakuja kununua mihogo anawapa bila chachandu, anawaambia pilipili mmeshakula uwanjani. Mwanangu mi nimecheka hapa na sijawahi kumuona huyo mama. Sa wewe uliyekuwa unashika ile sahani ya chachandu unaachaje kucheka? Nimemuuliza shehe wa jirani yangu huku Tabata (mi ni Mkristo, haya ya dini yenu sitaki kuyasema kwa kubahatisha), akaniambia kuomboleza ni siku tatu, mwenye kuzidisha ni mke kwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Kwa iyo hakuna anayekudai machozi ya siku arobaini. Kulia utalia tu, yatakuja yenyewe ukiwa kwenye mwendokasi ukasikia mtu anaongea kama yeye, lakini kucheka hukumkosea.

Tuje kwa mjomba.

Mama yangu mimi alipofariki wasifu wake uliandikwa na ndugu mmoja ambaye alitaka mambo yaende kwa heshima. Kazaliwa, kasoma, kaolewa, kajaliwa watoto watano, kaugua, Bwana katoa Bwana katwaa. Dakika nne. Mama yangu aliyekuwa akiingia jikoni kwenye shughuli ya mtu masufuria yanajipanga yenyewe, mama aliyewahi kumfuata mwalimu wetu mpaka kwake usiku kudai daftari langu! Jirani akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, huyu wanayemsoma ndo mama yenu kweli? Miaka imepita na hilo swali bado linaniuma, na nilikaa kimya siku ile kwa kuogopa wakubwa. Ndo maana sitaki na wewe ukae kimya.

Ila usigombane naye. Mjomba kafiwa na mama yake, nae anaumia, na mtu akiumia anataka kumfunika mama yake asije akachekwa na watu. Mfuate peke yake, sio mbele za watu, mshike miguu umwambie mjomba mi sitaki kumvua bibi nguo, nataka watu wamjue. Halafu mkumbushe kitu kuhusu huu mji wetu. TANU ilipoanza 1954 ikataka kina mama, kazi alipewa Bibi Titi Mohamed, na Bibi Titi watu wa Dar walikuwa wanamjua kwanza kwa sauti yake kwenye ngoma. Alipoanza kukusanya wanawake aliwafuata hao hao wa vikundi vya ngoma, manake walikuwa tayari wana viongozi wao na wanajua kuitana, ukimwambia mmoja leo kesho mtaa mzima unajua. Sa kama wacheza ngoma ndo walioijaza TANU, aibu iko wapi?

Na mihogo! Umesema bibi alianza kuuza mwanzoni mwa miaka ya 80, babu alipopunguzwa kazi, watoto sita ndani. Mimi ile miaka naikumbuka, sukari foleni, sabuni foleni, unga foleni, mtu anaweka jiwe kwenye mstari limshikie nafasi akakimbie kunyonyesha. Daladala ndo zimeanza, nauli shilingi 5, hiyo dala yenyewe iliyozaa jina, na bibi yako na ndoo yake ya mihogo konda hamtaki, anakaa pale pale mlangoni haondoki mpaka apakiwe. Mjomba wako alivaa sare za shule kwa hiyo ndoo. Muulize yeye mwenyewe akusimulie hiyo ndoo, usimwambie, muulize. Akishaanza kusimulia ataandika na wewe hiyo karatasi.

Uchamungu wake nao uandike, mbona ulikuwepo? Umeniambia Ijumaa hakuuza, na mtoto wa jirani asiye na hela hakuondoka mikono mitupu. Hicho ndo kitu cha kuandika, sio neno "mcha Mungu" likae peke yake. Pale arobaini waachie mashehe muda wao wa khitma na dua, we soma dakika tano sita hivi baada ya pilau, watu wametulia, na ukiweza usomee upande wa kina mama, wenye bibi yao wako huko.

Kanga sasa. Hapa sikufichi, umekosea kidogo. Shehe ananiambia alichoacha marehemu ni cha warithi mpaka kanga, mpaka hiyo elfu mbili, na wewe mjukuu wa kwa binti, watoto wake wakiwepo, huna fungu. Lakini warithi wakiridhika wanakupa, na nani atakunyima? Mpelekee mama mdogo leo hii, mpe mkononi na fundo lake, mwambie niliichukua kwa kuwa inamnukia bibi. Msilifungue fundo kabla hamjakaa wote. Mtalia nyote wawili, acheni mlie, halafu mwombe akupe hiyo kanga. Umesema imeandikwa Japo sipati tamaa sikati, basi nawe usikate.

Na kabla ya Jumamosi pita kwa yule shoga yake wa Mwembechai uliyemtaja, waliyecheza naye ngoma tangu wasichana. Ana miaka 80 na kitu. Nenda asubuhi akiwa hajachoka, beba mihogo na chachandu, simu uwe umeichaji ili umrekodi, na umuulize zile nyimbo.