Logi za seva: zisome mpaka mwisho kabla hujamtaja mtu

Jumatatu moja asubuhi dereva wetu aliyetoka Serengeti aliingia ofisini Njiro akaniwekea kishikwambi mezani bila hata salamu. Kiliwaka vizuri, lakini kilikuwa kitupu, kikisalimia kwa lugha mbalimbali kama siku kilipotoka dukani. Fomu za wageni zenye saini, maelezo ya safari ya siku sita, picha za gari lililogongwa ubavuni, vyote havikuwemo. Bosi alikuwa amesimama nyuma yake. Aliuliza swali moja tu: "Nani kafuta?"

Nikafungua seva, kompyuta kuu inayosimamia vishikwambi vyetu vyote. Baada ya dakika kumi nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa jina la mtu. Nililitaja palepale, mbele ya watu. Halikuwa lenyewe.

Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu mnaosimamia simu na vishikwambi vya kazini, iwe kwenye kampuni za utalii hapa Arusha, shule, zahanati au mashirika. Tumekuwa wengi. Tangu Sensa ya 2022 ilipofanyika kwa vishikwambi, na baadaye vikagawiwa walimu, hakuna anayeuliza tena neno hilo maana yake nini. Ila seva inayovisimamia watu wachache wanaijua ndani. Ukiwa umekaa Njiro unaweza kumfungia mtu kifaa chake akiwa Loliondo, au kukifuta chote. Mtu mwenye uwezo huo akikosea, shahidi anayebaki ni logi, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia ya kila kinachotokea. Na shahidi huyu hasemi uongo, ila anasema kwa lugha yake.

Nilichokiona asubuhi ile ni mstari wenye neno EraseDevice, yaani amri ya kufuta kifaa chote, na mbele yake Acknowledged, yaani kifaa kimejibu kwamba kimeipokea. Siku ni Jumamosi, saa 17:10. Nikatazama ratiba ya zamu. Jumamosi saa kumi na moja jioni alikuwepo kijana wetu mmoja peke yake, na zamu yake huisha saa kumi na mbili. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Aliitwa. "Kaka, mimi Jumamosi sijagusa kifaa chochote," alisema, akinitazama mimi wala si bosi. Nikamgeuzia skrini nikamwonyesha mstari. Akanyamaza. Hakuwa na la kujibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha logi inavyosomwa, na aliyepaswa kumfundisha ni mimi. Akaambiwa akapumzike nyumbani kwanza.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikarudi kwenye logi, safari hii nikisoma tangu mwanzo wa wiki. Nikakuta nimekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni saa. Seva yetu ilikuwa inaandika kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi Tanzania tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo 17:10 ya logi kwetu ni 20:10, saa mbili na dakika kumi usiku. Wakati huo kijana alikuwa ameshafika kwao Ngaramtoni. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada, maana tunageuza mara mbili: kwanza kutoka UTC kuja saa za hapa, kisha kutoka saa za hapa kuja saa zetu za mdomoni. Nimejizoesha njia ya mkato: chukua saa ya UTC (ikiwa kabla ya 04:00 ongeza kwanza kumi na mbili), toa tatu, na ikifika kumi na tatu au zaidi toa kumi na mbili. Unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 05:52 inakuwa saa mbili na dakika 52 asubuhi. Ila chunga tarehe. Tukio la 21:30 la tarehe 9 kwenye logi, kwetu limetokea saa sita na nusu usiku, na kalenda imeshaingia tarehe 10. Ukilipeleka kwenye ratiba ya zamu ya tarehe 9, umeshamwonea mtu.

Utajuaje logi inatumia saa gani? Tazama mwisho wa muda ulioandikwa. Ukiona herufi Z au +0000, hiyo ni UTC. Ukiona +0300, ni saa zetu. Kama hakuna alama yoyote, usikisie. Chukua kishikwambi cha majaribio, kitumie amri ndogo isiyo na madhara, tazama saa ya ukutani, kisha nenda ukaone seva imeandika nini. Inachukua dakika mbili.

Kosa la pili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu kama fundi nilipaswa kulijua. Wakati wa amri kutolewa na wakati wa amri kutekelezwa ni vitu viwili. Kwa vifaa vya Apple kama vyetu, seva haikipelekei kifaa amri moja kwa moja. Amri inawekwa kwenye foleni, kisha seva inaiomba Apple ikigongee kifaa kengele. Kengele hiyo haibebi amri, inakiambia kifaa tu, "nenda kwenye seva yako, una ujumbe." Kifaa kikiwa hakina mtandao, amri inakaa inasubiri. Inaweza kusubiri siku nzima, inaweza kusubiri wiki.

Gari lile liliingia Serengeti likapiga kambi mahali pasipo na mtandao. Jumamosi usiku dereva akafika kwenye loji yenye Wi-Fi, kishikwambi kikajiunga, kikaenda kuchukua ujumbe wake. Ujumbe wenyewe ulikuwa unakisubiri tangu Alhamisi saa mbili na dakika 52 asubuhi. Hilo halikuwa kwenye logi niliyoifungua mwanzo, ile ya mazungumzo ya seva na vifaa. Lilikuwa kwenye logi ya ukaguzi, inayoandika msimamizi gani amebonyeza nini. Zisome zote mbili pamoja, ukizifuatanisha kwa namba ya amri. Ya kwanza inakuambia kifaa kimefanya nini. Ya pili inakuambia nani ametaka kifanye.

Nani, basi? Hapo logi ilisema "admin", na akaunti hiyo tulikuwa tunaitumia watu watatu kwa nywila moja. Ilibidi nifuate anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kompyuta kwenye mtandao, kisha nikatazame ruta, kifaa kinachogawa mtandao ofisini, iliigawa anwani hiyo kwa kompyuta ipi Alhamisi ile, maana anwani hubadilika na ya leo inaweza kuwa ya mtu mwingine. Ikaangukia kompyuta ya dada wa operesheni. Nilipomuuliza hakuficha hata kidogo: Jumatano jioni alipigiwa simu kwamba kishikwambi cha Gari 14 kimepotea Mto wa Mbu, asubuhi yake akatafuta "Gari 14", akafuta. Alijua amefanya kazi yake. Tatizo ni kwamba kifaa chenye jina hilo kwenye seva kilikuwa kimehamishiwa gari jingine wiki mbili kabla, na jina halikubadilishwa. Kubadilisha majina ilikuwa kazi yangu.

Kwa hiyo sasa kila mmoja ana akaunti yake, na amri ya kufuta haitolewi mpaka namba ya kifaa iliyochapwa mgongoni isomwe na ilingane na ya kwenye seva. Kama ofisini kwenu bado mna akaunti ya pamoja, ivunjeni leo.

Mengine ni ya haraka. Neno NotNow si kosa. Mara nyingi kifaa kimefungwa kwa nywila na kitajibu kikifunguliwa, usirudie amri mara kumi. Vifaa vyote vikinyamaza kwa pamoja, acha kulaumu mtandao, kaangalie cheti cha Apple kinachoiruhusu seva kupiga ile kengele. Huisha kila mwaka, na lazima kihuishwe kwa akaunti ileile iliyokitengeneza, vinginevyo utasajili vifaa vyote upya kimoja kimoja. Halafu angalia logi zako zinatunzwa muda gani. Kwenye seva zinazotumia mfumo wa Debian au Ubuntu, mpangilio wa kawaida hutunza wiki nne, kisha za zamani zinafutwa. Malalamiko yakija wiki ya sita, shahidi ameshaondoka. Sisi tumeongeza mpaka mwaka mmoja, na nakala zinakaa kwenye mashine nyingine.

Limebaki jambo la picha. Asubuhi ile nilipiga picha ya skrini nikamtumia bosi, ikiwa na mstari wa logi, namba ya kifaa, na chini yake nimeandika jina la kijana. Ndani ya saa moja ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Logi zimejaa taarifa za watu: majina, namba za simu, wakati mwingine mahali mtu alipo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, lile halikuwa jambo la kufanya.

Jumatano nilikwenda Ngaramtoni kumwomba radhi. Mama yake alinikaribisha chai, akatuacha wawili. Kijana alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema amenisamehe na kesho atakuja kazini. Akaomba kitu kimoja: "Kaka, yaandike haya kule kule kwenye kundi la madereva." Nikatoa simu nikaandika nikiwa nimekaa pale pale, yeye akisoma begani kwangu, nikabonyeza kutuma.